Pembea juu ya pevingi: vigae vya mpira kwa uwanja wa watoto nyumbani, vichukuliwe unene gani na vitandazwe vipi

BabaTatu_Goba

Wakuu, habari za jioni.

Huku Goba, Madale, Mbezi mpaka Kigamboni, kila nyumba mpya ninayoingia nakuta hali ileile: ua umepigwa pevingi ukuta hadi ukuta, na kwenye kona kuna pembea ya chuma na mtelezo wa plastiki. Mzazi kajinyima akanunua, watoto wanafurahi, ila chini ni zege tupu. Wachache wanaokumbuka hatari hiyo wananunua vigae vya mpira kwa kuangalia rangi na bei, basi. Naomba tulijadili jambo hili kwa kina, kwa sababu kigae chembamba kinamtuliza mzazi moyo bila kumkinga mtoto.

Tuanze na anguko lenyewe. Mtoto akianguka kutoka mita 1.5 anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 19 kwa saa. Kinachovunja fuvu si hiyo kasi, ni namna anavyosimamishwa. Kichwa kikipata sentimita 3 za kubonyea, mpunguo wa kasi kwa wastani ni mara 50 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kikisimama ndani ya milimita 5 tu, inakuwa mara 300. Zege halibonyei hata hizo 5. Kwa hiyo unaponunua kigae cha mpira, hasa unanunua umbali wa kubonyea, na umbali huo unatokana na unene.

Ulaya wanapima kwa kiwango cha EN 1177, Marekani kwa ASTM F1292. Wanachukua kichwa cha bandia chenye vipimo ndani, wanakidondosha juu ya kigae kutoka vimo tofauti, wanasoma mshtuko. Mipaka ni miwili: HIC, yaani kipimo cha hatari ya jeraha la kichwa, isizidi 1000, na kilele cha mshtuko kisizidi mara 200 ya mvutano wa dunia. Kimo ambacho kigae kinafikia mpaka huo ndicho kimo chake cha mwisho cha kuanguka, na muuzaji makini anacho kwenye karatasi ya majaribio. Kwa kawaida kigae cha milimita 25 hakivuki mita 1 hivi, cha 45 hadi 50 kinachezea mita 1.3 hadi 1.5, na kwa mita 2 unahitaji 70 kwenda juu. Nasema kwa kawaida kwa sababu mpira uliokandamizwa sana kiwandani unakuwa mgumu hata ukiwa mnene. Dai karatasi, usikubali maneno matupu ya dukani.

Sasa chukua futi uende kwenye pembea yako. Kwa mtelezo, pima kutoka chini hadi jukwaa anaposimama mtoto kabla ya kuteleza. Kwa pembea, hesabu ya Ulaya ni urefu wa kiti kutoka chini ukijumlisha nusu ya urefu wa mnyororo. Mnyororo wa mita 1.8 na kiti kilicho sentimita 40 juu vinatoa mita 1.3. Wamarekani ni wakali zaidi, wao wanahesabu mpaka pale mnyororo ulipofungwa juu. Mimi hesabu ya Ulaya naiona kuwa kiwango cha chini kabisa, maana watoto wetu hawakai kwenye kiti, wanasimama. Mfuko ukiruhusu, panda daraja moja la unene.

Eneo nalo watu wanalipunja. Wanaweka vigae sita chini ya kiti cha pembea, mahali ambapo mtoto haangukii. Anayeruka kutoka kwenye pembea anatua mbele au nyuma. Kwa mnyororo huo wa mita 1.8, kanuni ya Ulaya inataka mita 3.3 mbele na mita 3.3 nyuma, upana usipungue mita 1.75. Hapo unapata mita za mraba 11 na nusu hivi. Vigae vya sentimita 50 kwa 50 huingia vinne kwa mita ya mraba, ukijumlisha vya kukata unafika 50. Mtelezo uache mita 2 mbele ya mdomo wake na mita 1.5 pembeni.

Mafundi na wenye uzoefu, karibuni.

Kisiki_Tandika

Mkuu heshima yako, ila mbona sisi tulikulia juu ya miembe na mikorosho na hakuna aliyetandikiwa mpira? Tulianguka tukainuka.

BabaTatu_Goba

Kisiki, karibu sana. Kumbuka ulikuwa unaangukia wapi. Uwanja wa Tandika wa enzi hizo ulikuwa mchanga, na mchanga mkavu, uliolegea, ni miongoni mwa vitu bora vya kumpokea mtoto mpaka leo, viwango vyote vinaukubali. Mchanga ndio tuliouondoa tulipoleta pevingi. Na wapo walioanguka wakavunjika mikono na shingo, ni vile tu hawapo kwenye simulizi zetu. Watoto wapande, waruke, wacheze kwa nguvu zao zote. Ninachodai ni kwamba chini wanapoangukia pawe laini.

MamaWawili_Mbz

Asante kwa uzi huu kaka. Kuna duka la vifaa vya mazoezi wanauza vigae vyeusi vya milimita 15 na 20, bei nafuu kidogo. Mtelezo wa wanangu una mita 1.2. Nikipanga viwili viwili juu ya kimoja si nitapata unene?

FundiTegeta

Dada yangu, hapana. Hivyo vimetengenezwa kubeba vyuma visivunje sakafu, kwa hiyo vimekandamizwa vigumu makusudi, na upande wa chini ni bapa. Cha uwanja wa watoto ukikigeuza utaona vijimguu au mifereji chini. Hiyo nafasi inafanya kazi mbili, inakipa mpira pa kubonyea na inaruhusu maji kupita. Ukipanga viwili, cha juu kitateleza, maji yatakaa katikati, na hakuna aliyevipima kwa kimo chochote. Kwa mita 1.2 tafuta cha milimita 45 au 50 chenye karatasi.

Kwa kuwa mimi kazi yangu ni hii ya pevingi, vigae na bustani, ngoja niweke utaratibu wa kutandaza. Wateja wengi wanadhani kazi ni gundi. Kazi ni chini.

Kama una pevingi tayari, una njia mbili. Ya kwanza ni kutandaza juu yake. Inawezekana kama pevingi hazijatitia na maji yana pa kwenda, ila utapata ukingo wa sentimita 5 ambao mtoto atajikwaa kila akikimbia. Lazima ununue vigae vya ukingo vyenye mteremko, na si kila duka linavyo. Ya pili ndiyo ninayoipenda: ng'oa pevingi za eneo hilo tu, chimba, ujenge tabaka upya ili uso wa mpira uje sawa na pevingi zilizobaki. Hizo zilizong'olewa utapata pa kuzitumia. Na ukishang'oa unapata nafasi ya kufukia miguu ya pembea kwa zege. Zege la miguu lizame chini kabisa ya kigae, lisichomoze. Nimeona pembea iliyowekewa mpira mzuri halafu kichuguu cha zege kimesimama katikati ya eneo la kuangukia.

Kwenye ardhi tupu, chimba sentimita 20 hivi, toa mizizi na udongo mweusi wote. Kama ni mchanga wa huku pwani, mwagia maji na ushindilie. Kama ni mfinyanzi, tandika kwanza kitambaa cha geotekstaili, la sivyo masika ya kwanza kokoto zinamezwa na tope. Kisha kokoto mchanganyiko sentimita 10 mpaka 12, shindilia kwa mashine kwa tabaka mbili, si kwa mguu na wala si kwa gogo. Juu weka vumbi la kokoto sentimita 3, lipigwe rula. Zege jembamba ni bora zaidi kama mfuko unaruhusu, ila lipewe wiki nne likauke kabla ya gundi.

Mteremko ni sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mahali penye njia ya maji. Hapo ndipo kazi nyingi za Dar zinapoharibika. Watu wanajenga ukingo wa tofali pande zote nne, wanaweka vigae ndani, wamejenga bwawa. Acha matundu kwenye ukingo wa upande wa chini. Maji yakisimama chini ya mpira utafuga mbu, na harufu yake hutaipenda.

Kutandaza sasa. Vigae vishushwe jana yake vikae palepale vipate joto la mahali, maana mpira unatanuka kwenye jua na kusinyaa ukipoa. Piga kamba mbili zenye pembe mraba, anzia kona iliyonyooka, panga kwa mtindo wa tofali, mstari wa pili uanzie nusu ya kigae. Vingi vina vijiti vya plastiki vya kuunganisha pembeni, viingize vyote, usiruke hata kimoja. Bana vizuri kigae kwa kigae, lakini ukutani acha milimita 5 hadi 10. Ukibana mpaka ukutani, saa nane mchana vitainuka kama mgongo wa ngamia.

Kukata: kisu kikali, rula ya chuma, pitisha mara kadhaa ukilowesha ubavu wa kisu kwa maji ya sabuni. Milimita 50 kwenda juu tumia jigso. Usimalizie pembeni kwa vipande vya vidole viwili, vitang'oka. Hamisha mstari wa kwanza ili vipande vya mwisho visipungue nusu ya kigae.

Gundi ni ya poliurethani. Juu ya zege, paka nukta kwenye kona na katikati, na mstari wote wa pembeni upake mzima. Chini pawe pakavu. Gundi hii inakomaa kwa unyevu wa hewani, kwa hiyo hewa yetu ya pwani inaisaidia, ila mvua ikinyesha juu yake kabla haijashika umepoteza. Watoto wasikanyage mpaka siku ya pili. Juu ya kokoto hakuna cha kugundisha chini, unagundisha kigae kwa kigae ubavuni na kutegemea ukingo uliojengwa imara.

MamaWawili_Mbz

Fundi ubarikiwe. Hili la matundu kwenye ukingo ndiyo shida ya kwangu hasa, maji yanakaa kila mvua ya vuli.

Pwani_Bamburi

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu zangu, mbona mwaruka mchanga kirahisi hivyo? Kwetu Bamburi tumetumia mchanga chini ya bembea na kazi yaenda vyema. Kanuni ya Ulaya yasema mchanga wa chembe za milimita 0.2 hadi 2, kina cha sentimita 20, watosha kimo cha mita 2. Waongeza sentimita 10 kwa sababu watoto wautimua. Jumla 30. Chimba shimo, weka kitambaa chini, zungushia mbao au magogo laini, umalize.

Masharti yapo. Mchanga uwe umeoshwa, usiwe na udongo, kwa maana ule wenye udongo hushikana ukakauka ukawa kama sakafu. Msichote ufukweni, fuo zetu zaliwa na bahari vya kutosha. Usiku funika turubai, kwani paka huuona mchanga na kuufanya choo, na minyoo ya paka na mbwa humpata mtoto. Penye mbwa wengi na vumbi kavu, tazama pia funza miguuni mwa watoto. Kila wiki reki, urudishe mchanga chini ya kiti cha bembea, kwa sababu hapo ndipo hupungua kwanza.

BabaTatu_Goba

Dada au kaka wa Bamburi, umesema kweli tupu. Kwa mwenye nafasi na mtu wa kureki, mchanga unatosha, na Wamarekani wao wanaubana zaidi: sentimita 23 wanaukubali kwa mita 1.2 tu. Mpira unashinda pale penye kiti cha magurudumu, au nyumba ambayo hakuna atakayereki. Anayechagua mchanga halafu asiureki, baada ya msimu mmoja ana shimo lenye udongo mgumu chini ya pembea.

MwanaMaskati

Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, Oman, na huku mpira kwenye viwanja vya watoto ni jambo la kawaida. Naomba niseme la jua. Mpira mweusi unakula joto. Kiangazi cha huku hewa inapita nyuzi 40, na uso wa mpira unapita hapo kwa mbali sana, unaweza kuunguza nyayo za mtoto mdogo kabla hajajua alie au akimbie. Dar haifiki joto letu, lakini jua la Januari na Februari la saa saba si la kuchezea.

Chagua rangi ya kupauka: beji, kijivu cheupe, kijani chepesi. Weka kivuli kwanza, ndipo ufikirie vigae. Huku wanatumia turubai za kivuli zilizovutwa kwenye nguzo, nyinyi Mungu kawapa miarobaini na miembe. Kabla mtoto hajatoka, mama aweke kiganja chake juu ya kigae. Akishindwa kukiacha hapo kwa utulivu, watoto wasubiri baada ya alasiri. Na wavae ndala.

Kisiki_Tandika

Wa alaykum salaam. Hili la joto sikuwa nalijua. Ila mwembe si unadondosha maembe na utomvu juu ya vigae?

FundiTegeta

Unadondosha, na yanateleza. Mwarobaini una majani madogo, unafagia yanaisha. Usipande mti wenye mizizi ya juujuu kama mkungu karibu na vigae, utainua kazi yote.

Neema_Chekechea

Habari zenu. Nina kituo cha watoto Dodoma. Nina maswali mawili. Kwanza, vigae hivi si ni matairi yaliyosagwa? Watoto wangu wa miaka miwili wanaweka kila kitu mdomoni. Pili, bajeti haitoshi uwanja wote, nifanyeje?

BabaTatu_Goba

Mwalimu Neema, karibu. La kwanza: ndiyo, tabaka la chini karibu lote ni SBR, chenga za matairi zilizoshikwa kwa gundi ya poliurethani. Matairi yana kemikali za jamii ya PAH, baadhi yake zinahusishwa na saratani. Umoja wa Ulaya tangu Agosti 2022 umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kilo kwa jumla ya kemikali nane za jamii hiyo, kwa chenga za mpira zinazomwagwa kwenye viwanja vya michezo na vya watoto. Kigae kilichoshikana vizuri si sawa na chenga zilizolegea, ila kwa watoto wa umri huo ningechagua chenye tabaka la juu la EPDM, mpira mpya wenye rangi ndani yake. Rangi yake haichujuki haraka, tofauti na SBR iliyopakwa rangi juu. Dukani fanya hivi: sugua kiganja kwa nguvu. Mkono ukitoka mweusi, chenga zikibaki mkononi, au harufu ikikupanda kichwani, acha. Na watoto wanawe mikono kabla ya kula, hilo ni hata kwa mchanga.

La pili, punguza vimo kabla ya kununua mpira. Kwa kanuni ya Ulaya, kifaa kisichozidi sentimita 60 na kisichomrusha mtoto hakidaiwi sakafu iliyopimwa. Magogo ya kutembelea, nyumba ndogo ya kuingia na kutoka, meza ya mchanga, hivyo viwe kwenye majani au udongo uliolegea. Pembea na mtelezo viko nje ya msamaha huo hata vikiwa vifupi, kwa sababu vinamtupa mtoto. Peleka hela yote ya mpira hapo. Majani yanakubalika hadi mita 1 hivi, ila majani yaliyo hai. Dodoma kuanzia Juni mpaka Novemba ardhi inakauka inakuwa tofali, usiyategemee.

Neema_Chekechea

Nimeelewa. Basi mtelezo mrefu nautoa kabisa, nabaki na mfupi, na mpira naweka chini ya pembea mbili.

Sista_Muuguzi

Nimesoma yote, hongereni. Mimi ni muuguzi, naongeza dogo tu. Kigae kinapunguza majeraha ya kichwa, mikono bado inavunjika, kwa sababu mtoto akianguka anatanguliza kiganja. Kwa hiyo msimwache bila mtu mzima kwa kuwa kuna mpira. Na mtoto akigonga kichwa, hata akiinuka na kucheka, mwangalieni siku hiyo na usiku wake. Akitapika mara kwa mara, akilegea au akiwa mgumu kuamka, akipata degedege, akitokwa maji au damu puani au masikioni, kichwa kikizidi kumuuma, au akiongea visivyoeleweka, ni hospitali mara moja. Msimpe dawa mkasubiri asubuhi. Na kama analalamikia shingo, msimnyanyue juujuu, tulizeni kichwa na shingo mpaka msaada ufike.

MamaWawili_Mbz

Asante sana sista. Fundi, swali la mwisho: kusafisha. Naweza kupiga kwa ile mashine ya maji ya kuoshea magari?

FundiTegeta

Unaweza, kwa presha ndogo na ukisimama mbali kidogo. Ukisogeza mdomo wa mashine karibu unang'oa chenga, hasa kwenye maungio. Usitumie petroli wala thina kutoa madoa, zinakula mpira na gundi. Ufagio mgumu na sabuni ya kawaida vinatosha. Cha muhimu ni mchanga unaoingia kwenye vitundu na maungio, kwa sababu ukijaa kigae kinakuwa kigumu na maji hayapiti. Fagia kila wiki, osha kabla ya masika na baada yake.

Mara moja kwa mwaka bandua kigae kimoja cha pembeni uone chini kama kuna maji au udongo umetitia, kisha ukigundishe tena. Bonyeza kwa kidole gumba vile vinavyopigwa jua sana ulinganishe na vya kivulini. Jua linakausha mpira, na kigae kilichokuwa laini miaka ya nyuma kinaweza kuwa kigumu kama soli ya kiatu cha zamani. Kikifika hapo kinabadilishwa hata kama rangi bado nzuri. Nunua vitano au sita vya ziada siku ya kwanza uviweke stoo, maana ukirudi dukani baadaye hutapata rangi wala unene uleule.

MamaWawili_Mbz

Sawa fundi. Nimepima jioni hii: jukwaa la mtelezo mita 1.2, mdomo wake unaishia mita 1 tu kutoka ukutani.

FundiTegeta

Basi usinunue kigae hata kimoja kwanza. Geuza mtelezo uelekee katikati ya ua upate zile mita 2, hakikisha na pembeni kuna mita 1.5, halafu nitumie vipimo vya eneo jipya hapa hapa nikukokotolee idadi.